Walipofuta Maneno

Jumatatu, 1 Juni

Faili la tano tangu asubuhi. Baridi. Nimevaa sweta mbili na vidole bado vinagoma. Kazi ni ileile: kivinjari cha simu, cha kufungulia kurasa za mtandao, kimebadilishwa sura, watu wanaandika maoni, mimi nayasoma na kuyabandika lebo. Pongezi. Lawama. Swali. Haihusiani. Lebo ni hizo nne tu.

Maneno yote yaliyokuwa kwenye vitufe yameondolewa. Hakuna tena "Rudi", hakuna "Hifadhi". Vimebaki vipicha vyembamba vya kijivu. Maelekezo ya kazi yanasema lengo ni utulivu.

Watu hawajatulia. Mmoja: "Nimefungua nikadhani simu imeharibika." Mwingine: "Rudisheni ya zamani, hii ni karatasi tupu." Mwingine kaandika "Kwa nini" mara sita, basi. Kijana mmoja kasifu, anasema inapendeza, haina makelele.

Mimi pia naipenda. Naandika hapa kwa sababu ni kweli na sitamwambia mtu.

Alhamisi, 4 Juni

Ujumbe mmoja umenikaa kichwani. Nimeunakili, ingawa hairuhusiwi.

"Habari zenu. Mimi ni Mama Kulwa wa Mtowisa karibu na mashine ya mpunga. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na moja. Nilikuwa najua neno Zilizohifadhiwa. Ni refu lakini nalijua. Leo halipo. Mmelipeleka wapi. Nimeandika hapa kwa sababu hapa ndipo palipobaki maneno."

Mtowisa. Maoni yanatoka nchi nzima, na huyu yuko hapahapa Rukwa, chini bondeni. Kampuni inaficha majina ya watu, lakini yeye kajitaja mwenyewe, kama anayebisha hodi.

Lebo: Lawama. Nikaendelea na mwingine.

Jumanne, 9 Juni

Bi Saada, mama mwenye nyumba, kaingia kuchukua ndoo yake akanikuta nimeinamia kompyuta. Na yeye kivinjari chake kimebadilika. Anasema ni kama kurudi dukani kwako ukute mtu kapanga upya rafu zote kisha kaondoka. Akauliza hao wanaolalamika nawajibu nini. Nikamwambia siwajibu. Mkataba unakataza kuwasiliana na mtumiaji yeyote.

"Sasa hapo unafanya nini, Anjela?"

Nikamwinulia ndoo yake.

Mchana ujumbe wa pili wa Mama Kulwa. Bwana mifugo aliyekuwa kijijini kwao, kabla ya kuhamishwa, alimhifadhia ukurasa wa dawa za ng'ombe kwenye simu. Kipimo kwa uzito, siku za kurudia, kila kitu. Aliusoma polepole mpaka akauzoea. Sasa haupati. Vijana wa kwenye mashine wameitazama simu wakamwambia umefutika. Namba ya bwana mifugo haipatikani.

Haujafutika. Najua ulipo. Chini kulia kuna kialama kama utepe mdogo. Unagusa, kurasa zote zinakuja. Sekunde mbili.

Lebo: Swali. Nimeweka na alama ya "Haraka" pembeni.

Ijumaa, 12 Juni

Wa tatu.

"Ndama mmoja amekufa. Wa pili matezi yamevimba chini ya sikio na anahema. Dawa nimenunua dukani lakini kipimo kiko kwenye ule ukurasa. Kama mpo naomba mnionyeshe."

Kama mpo.

Sikuubandika lebo yoyote. Nikampigia Festo, msimamizi wetu. Yuko Dar, sijawahi kumwona uso kwa uso. Nikamsomea. Akasema pole zake, ila hayo ni mambo ya mifugo, si ya kivinjari. Niweke Haihusiani. Nikamwambia inahusiana kabisa. Akasema, kwa upole, "Anjela, ukianza kumhurumia mmoja hutamaliza faili."

Nimeweka Haihusiani. Kwa mkono wangu.

Jumapili, 14 Juni

Misa. Sikumbuki padri alihubiri nini.

Nilitamani Mama Kulwa angeandika matusi. Wengine wanatukana na ni rahisi kuwapita.

Jumatano, 17 Juni

Kikao cha simu. Festo kafurahi. Lawama zinapungua wiki hadi wiki. Wakubwa wanasema ni jambo la kawaida, watu hupiga kelele mwanzoni kisha huzoea. Wenzangu wakapongezana.

Nimetafuta "Mtowisa" kwenye mafaili yote ya wiki hii. Hakuna. Na yule wa "Kwa nini" hayupo tena. Wala yule aliyekuwa akiomba kila siku maandishi yakolezwe kwa sababu ya macho yake. Hakuna aliyeandika kwamba kazoea. Wamenyamaza tu.

Nilitaka kulisema hilo kikaoni. Sikusema. Naogopa kukosa kazi. Nilikaa miaka miwili na cheti changu bila hii kazi na sitaki kurudi kule.

Alhamisi, 18 Juni

Nimemweleza Bi Saada yote. Hakunilaumu, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema tu lori la mume wake linashuka Mtowisa Jumamosi kufuata mpunga na nafasi ya mbele ipo.

Ningeweza kuomba nafasi hiyo tangu wiki iliyopita. Lori lilikuwepo.

Jumamosi, 20 Juni

Tumeondoka alfajiri, ukungu mzito. Tulipoanza kuteremka mlima wa Lyamba lya Mfipa nikavua sweta ya kwanza. Chini kabisa nikavua ya pili. Joto la bonde, vumbi, barabara inayokung'uta mifupa. Dereva aliongea njia nzima. Sikumsikiliza.

Mashine ya mpunga anaijua kila mtu, na Mama Kulwa pia. Ni Msukuma, walihamia na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Nilimkuta uani anapepeta mchele na binti yake, Kulwa. Mwanamke mrefu, mkavu, kitenge kimefungwa kiunoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanipa kigoda, akaniuliza habari za Sumbawanga na baridi yake. Hakuniuliza nimefuata nini. Ilinibidi nianze mwenyewe.

Nikamwambia mimi ndiye ninayesoma yale maoni ya kwenye simu.

Akaacha kupepeta. "Ule ujumbe wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Umeusoma?"

"Zote tatu."

"Lini?"

"Siku zilezile ulizotuma."

Akachagua chuya moja kwenye ungo, akaitupa. Kulwa alinitazama, halafu akatazama chini.

Ndama wa pili alikufa Jumanne. Mama alinieleza taratibu, kama anaeleza mambo ya jirani. Alimchoma sindano kwa kukisia. Wa kwanza alikuwa hajapata dawa kabisa. Mume wake kachukua ng'ombe waliobaki kawapeleka kwa kaka yake, upande wa Katavi, kabla ugonjwa haujawamaliza.

Nikaomba simu. Kioo kimepasuka pembeni. Nikagusa utepe. Ukurasa ukafunguka.

Sekunde mbili.

Nilitaka kuizima, asione ilivyo rahisi. Akaichukua mkononi mwangu, akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma kwa sauti. Neno moja moja, kidole kikifuata. Jina la ugonjwa. Dalili. Alipokosea alirudi nyuma, akalisema upya neno mpaka likakaa sawa. Anasoma vizuri. Sikutegemea, na nimeona aibu kwamba sikutegemea. Akafika kwenye kipimo. Akasoma mstari ule mara mbili.

"Nilimpa nusu," akasema.

Nikaanza kuomba msamaha. Nikaongea mengi. Mkataba, Festo, lebo. Hata mimi nilijisikia nikijitetea. Aliniacha nimalize.

"Mimi nilijua hapasomi mtu, mwanangu. Nilikuwa naandika ili nisisahau herufi." Akaweka simu kwenye ungo, juu ya mchele. "Kumbe mtu alikuwepo."

Bora angenifukuza. Alinipikia wali na maziwa ya mgando. Nikala. Kulwa alinipa namba yake wakati lori linapiga honi, nikapanda.

Tulipopanda mlima sikuvaa sweta. Nilitetemeka mpaka nyumbani.

Jumatatu, 22 Juni

Nimemwandikia Festo. Kwamba ile lebo ya Haihusiani ibadilishwe iwe Lawama. Kwamba nimekwenda Mtowisa. Kwamba walionyamaza wasihesabiwe kuwa wamezoea. Kwamba warudishe maneno, hata kama ni kwa anayeyataka tu.

Kajibu kabla ya saa sita. Mkataba umekatwa leo hii. Chini kaongeza: "Ya maneno nimeyapeleka kwa wakubwa. Sina hakika kama watayasoma."

Naamini hakuandika kwa kejeli. Ndiyo maana imeniuma.

Bi Saada kaleta chai ya tangawizi, akakaa pembeni yangu bila kuuliza. Nililia kidogo. Si kwa ajili ya kazi.

Ijumaa, 26 Juni

Sina la kuandika.

Jumanne, 30 Juni

Upepo tangu asubuhi. Nimefua, nguo zimekauka mapema. Nimepeleka barua mbili za kuomba kazi, moja shule ya msingi, moja stoo ya mahindi.

Jioni nikajikaza nikampigia Kulwa. Nilikuwa nimeahirisha siku nne. Wako salama. Mavuno ya mpunga si mabaya. Ng'ombe bado wako Katavi na baba anasema huenda wasirudi, malisho ya kule ni mazuri. Nikauliza kama mama anaitumia simu. Akasema hapana, kampa yeye. Mama hana haja nayo, haina kitu cha kusoma.

Nikauliza basi kama bado anasoma.

Kulwa akacheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia. Anasoma magunia, akasema. Anasoma mifuko ya mbolea, pande zote mbili. Malori ya mpunga yakipita na maandishi yao nyuma, anaacha jembe, anasimama mpaka amalize. Mengine yanakwenda mbio. Hayo anayakimbilia.