Chumvi ya Kwendea Vinamasini

Mjukuu wangu Salima,

Huku Alunguli tuko wazima. Bibi yako amepona mguu na amerudi bustanini kwake. Umeuliza kama wewe na wenzako mnaweza kuona vinamasi vya Lualaba bila pesa nyingi. Mnaweza.

Wakati wa vita, ofisi nilikokuwa karani ilipofungwa, mvuvi Ramazani alinichukua kwa mtumbwi hadi kambi ya wavuvi huko vinamasini. Kule mgeni halipi. Analeta chumvi na kusaidia kupiga kasia. Niliogopa askari, niliogopa viboko wa mtoni. Nilikaa na viatu vyangu vya ofisini, nimekumbatia chumvi, nikitaka kumwomba anirudishe.

"Karani," akasema, "toa viatu, na chumvi utupe sisi. Ukizama nayo, samaki tutamla na nini?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu vita vitufikie. Nikavua viatu, nikashika kasia. Hofu haikuondoka, ila mikono ilikuwa na kazi, na macho yakapata nafasi ya kuona yangeyange weupe wakitua kwenye matete.

Mtoto wa Ramazani bado anavua kule. Njooni na chumvi. Tutapanda mtumbwi pamoja, na safari hii viatu nitamwachia bibi yako.

Babu yako anayekungoja