Mlango Wenye Chaki

Jumatatu, 4 Machi
Tumeanza kuhesabu watoto. Mwaka jana mitaa sita ilipewa dawa ya kuua bakteria – kila mtoto, mgonjwa kwa mzima – na mitaa sita haikupewa. Sasa tutazame wapi wamekufa wachache. Nimepangwa pamoja na Dada! Ndiye aliyeniombea kazi hii. Msimamizi kasisitiza: nyumba ikifungwa, rudini mara tatu, ulizeni majirani watatu, ndipo mwandike "wamehama".

Jumatano, 6 Machi
Mtaa usiopewa dawa. Nyumba nne zimefungwa. Dada aliuliza majirani mpaka fundi cherehani akamtania: unatafuta mtoto, bibie, au mume? Vifo viwili tumevipata hivyo. Miguu inawaka moto. Najivunia Dada.

Ijumaa, 8 Machi
Mtaa uliopewa dawa. Milango bado ina alama za chaki za wagawa dawa wa mwaka jana. Tumemaliza saa sita – mapema mno! Nyumba tisa zilifungwa. Dada kaegemea ukuta, anaandika tu: wamehama, wamehama. Nikauliza: na majirani je? Akasema hapa walikunywa dawa, mdogo wangu, watoto hawafi, usinichoshe.

Jumapili, 10 Machi
Nimerudi mtaa ule peke yangu. Mlango wa bluu – mama mwenyewe yupo! Juzi alikuwa kazini, hufua mashuka hospitalini. Akanitolea kadi ya kliniki. Mstari wa uzito unakoma Novemba. Akauliza: mmemwandika? Nikasema ndiyo. Mwongo mkubwa mimi. Akaniachia kadi.
Katika nyumba tisa, watoto watatu wamekufa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwambia Dada kwanza, kwa heshima. Kasema nataka kumvua nguo mbele za watu, yeye aliyenibeba mgongoni. Kisha akalainika. Haya, kesho tutarekebisha.

Jumanne, 12 Machi
Hakurekebisha.
Msimamizi ametusomea: penye dawa, kifo kimoja. Pasipo dawa, kumi na kimoja. Makofi! Huenda dawa inasaidia kweli. Lakini kwa hesabu hii nani atajua?
Nimefungua fomu za mtaa ule. Penye jina la karani aliyehesabu – langu! Mwandiko ni wa Dada. Herufi zilezile alizonifundisha kwa kijiti mchangani.
Sasa tunaitwa kuweka sahihi. Dada kanisogezea kalamu, hanitazami. Nimeomba kwenda chooni. Naandika nimesimama, kadi ya mtoto imo mfukoni.
Mlango unagongwa. Ni yeye. Anasema toka basi, mdogo wangu, umebaki wewe tu.