Waya wa Shaba wa Wake Wawili

Mke mwenzangu,

Umekufa mwongo. Nakuambia mimi, kwa kuwa wengine wanakulilia tu, na anayeliliwa hasemwi. Miaka yote tuliyokaa ua mmoja ulikuwa ukisema, "Mimi waya huu wa miguuni hauniumi. Labda wewe una nyama laini." Ukayasema hata mbele ya wakwe. Sikukuamini hata siku moja, ila sikuwa na ushahidi.

Sasa ninao. Mhunzi alipokuja kukufungua miguu kabla hatujakuzika, niliwatoa watu wote tembeni nikabaki mimi kushika mguu. Mzunguko wa tatu ulipolegea nikaona kitambaa. Kipande cha kaniki, kimekunjwa vizuri, kimepakwa samli, kimesokomezwa kati ya shaba na nyama. Chini yake kidonda cha kuingia kidole. Watu wanasema umekufa kwa homa. Mlango ilioingilia hiyo homa nimeuona mimi.

Naandika kwa herufi nilizojifunza misheni nikiwa tayari na mvi, nawe ukinicheka kwamba nakaa benchi moja na watoto wanaong'oka meno. Cheka tu.

Mvua imekuja kidogo, uwele umeota. Gari moshi la Wadachi, hawa Wajerumani, linapita siku hizi. Ng'ombe wamelizoea, mimi bado. Juzi askari wao mmoja alikaa karibu na kisima chetu cha mchangani akavua buti. Vidole vilikuwa vimechubuka vyote. Nikamwuliza, kwa nini asitembee peku kama alivyozaliwa? Akasema, "Bibi, ni amri."

Nilirudi na kibuyu changu nikiwaza njia nzima. Yule ana wa kumlaumu. Sisi wawili nani alituamuru? Usiniambie mume wetu. Mume wetu alijua miguu ya ng'ombe zake, ya kwetu alishaisahau.

Wewe uliolewa kiangazi, mimi nikiwa hapo tayari. Mume wetu alipata waya kwa wapagazi, bunda moja, akaligawa katikati ili tusigombane. Mhunzi mzee, baba wa huyu wa sasa, akatuketisha tunatazamana. Akazungusha kutoka kifundoni hadi chini ya goti, mguu kwa mguu. Ulinikazia macho uone kama nitakunja uso. Nami nikakukazia. Hakuna aliyekunja. Naona hatukuacha kutazamana tangu siku ile.

Kila asubuhi ukienda kuteka maji nilikuwa nakuchungulia, unachechemea au huchechemei. Jua la mchana likichemsha shaba, nilikusubiri wewe ukimbilie kivulini kwanza. Hukukimbia, nami nikaungua pale pale. Nilijiambia: huyu akifungua wa kwake leo, kesho nafungua wangu. Hukufungua.

Sasa sikia alichoniambia mhunzi. Huyu kijana simwamini, anacheka hata msibani, kwa hiyo nilimbana. Akasema mwaka wa nzige wewe ulimwendea na jogoo, ukauliza kufungua waya kunachukua muda gani. Akakueleza. Kisha ukamwuliza, "Mwenzangu amekwisha kuja hapa?" Akasema hapana. Ukachukua jogoo wako ukaondoka.

Nilitaka kumwita mwongo. Ila nikamkumbuka yule jogoo mweupe. Ulisema unakwenda kumbadilisha kwa chumvi, ukarudi naye kwapani, umenuna, ukasema chumvi ilikuwa chafu. Chumvi gani, wewe mwanamke?

Basi tulikuwa tunangojana.

Ningeyaacha yakaoza nawe kaburini, lakini binti yako ameleta jambo. Ameuchukua waya wako, anausugua kwa mchanga na majivu mpaka unawaka. Anasema uliacha neno kwamba afungwe mjukuu wako Nyemo, keshokutwa. Uliacha neno hilo? Ulimwambia nani, saa ngapi, mimi nikiwa wapi? Nilikulisha uji kwa mkono wangu mpaka siku ya mwisho, sikusikia neno lolote. Nashuku binti yako analitaka jambo lake, naye ametafuta mdomo usioweza kukanusha.

Nyemo unamjua. Ndama akitoroka, humfikia kabla mbwa hajafika. Jana alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaushika waya wangu, akaniuliza, "Bibi, unauma?"

Nikamjibu, "Hauumi. Labda uwe na nyama laini."

Maneno yako, mwenzangu. Yalitoka kinywani mwangu kama mate. Mtoto akatazama miguu yake, akaona aibu kwa ajili ya nyama yake mwenyewe. Usiku wa jana sikulala vizuri.

Nimemwita mhunzi aje kesho asubuhi, kabla ya siku hiyo ya binti yako, anifungue mimi kwanza. Atakayenishika mguu ni Nyemo, nimeshamwambia. Atazame kilichomo. Nami nina vitambaa, usifurahi. Viwili mguu wa kushoto. Waya wangu na wako nitampa mhunzi azungushie vipini vya mikuki. Mti hauumwi. Nakuahidi, maadamu nipo hai, mguu wa mtoto huyo hautafungwa, na akiniuliza tena nitamjibu kweli.

Pumzika. Sikukupenda kama wanavyodhani sasa wakiniona nalia. Ila nani mwingine alinitazama kila siku kwa miaka yote hiyo?

Binti yako atapiga kelele, nami simwezi, ana kichwa chako. Mtokee ndotoni leo, kabla mhunzi hajafika. Umwonyeshe kidonda. Umwambie kuhusu jogoo. Na usikae huko ukingoja mimi nianze, nimeshaanza. Nenda.