Toroli la Babu Yako Lisilo na Breki

Mume wangu mdogo Wafula,

Hujambo huko Dubai? Huku Makongeni tu wazima, ila mamako ameimba kwaya mpaka sauti ikakauka, na nyumba imetulia ajabu.

Umeniuliza ununue toroli la vifaa vya ufundi lenye breki, au la kawaida. Sikia basi.

Babu yako alitengeneza magari ya mashindano katika karakana iliyokuwa juu ya mteremko, Gikomba. Alijiundia toroli la alumini lenye droo na magurudumu laini. Breki, alisema, ni za waoga. Mimi nilikuwa chini, nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha.

Asubuhi moja watu wakapiga mayowe, "Dada, ruka!" Nikaruka. Toroli likavamia sufuria yangu na kumwaga spana zote ndani.

Babu yako akafika akihema. Hata pole hakusema. "Umeona spana yangu namba kumi?"

"Kula githeri mpaka uipate!"

Akala. Kesho yake akarudi kuitafuta, na kesho kutwa, sahani baada ya sahani, mpaka mchungaji akatufungisha ndoa. Spana haijapatikana hadi leo.

Kwa hivyo nunua lenye breki, mjukuu wangu. Lakini kwa vile bado hujaoa, usizikaze sana.

Mkeo wa kwanza,
Nyanya Nekesa