Nilinyoa kwa Ajili Yako, Mama

Mama,

Watu wameondoka. Masufuria ya kanisa yamerudishwa, na nyumba imekuwa kubwa ajabu. Nimekaa kitandani kwako na sare yangu ya mafunzo ya jeshi haijapigwa pasi. Wewe ndiye uliyekuwa ukiipiga huku ukinung'unika: "Sare kama hizi ndizo zilizotutoa kwetu Fizi wakati wa vita, leo wewe unazivaa kwa hiari!" Halafu unanifungia sombe, kisamvu chetu, kwenye kopo nikale na wenzangu.

Siku ya kuondoa matanga, mama mdogo alininyoa kipara, kama ilivyo kwetu mtu akifiwa. Nililia mpaka akashindwa kushika wembe. Jumanne jioni nikaenda mazoezini kambini hivyohivyo. Yesu wangu! Sajini aliponiona alipiga makofi. Akawaambia wenzangu, mtazameni huyu, ndiye anayetaka uafisa kwelikweli. Wakanipigapiga mgongoni. Nikaingia mstarini. Jumapili kanisani, unajua si wote wana mila yetu, nikasikia wamama nyuma yangu: "Mama yake hata hajapoa kaburini, keshanyoa kijeshi." Nikafungua kitabu cha nyimbo. Mama, hakuna anayeona kwamba nimefiwa.

Kambini sijamwambia mtu. Nikisema, kapteni atanirudisha nyumbani nipumzike, na mwaka wangu wa mafunzo utapotea. Chuoni nako asainimenti za uuguzi zimelala. Nafungua kitabu, nasoma, hakuna kinachoingia. Ulisema nina mikono miwili, mmoja ushike chuo, mwingine ushike jeshi. Mikono ipo. Roho ndiyo imeisha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinisubiri stesheni ya treni ya Cabramatta, huku ugenini? Umetoka zamu yako ya kutunza wazee kule Lidcombe, viatu vya kazi bado miguuni, umelala juu ya usukani. Nagonga kioo, unashtuka: "Sikulala, nilikuwa naomba!" Maombi gani yenye mkoromo, Mama? Mpaka leo nikishuka kwenye treni macho yanatafuta gari letu. Kila mara. Halafu natembea kwa miguu.

Na uliapa siku nikivishwa cheo utapiga vigelegele hata wakikutoa nje. Sasa nani atapiga? Mama mdogo ni mwoga. Cheo chenyewe sioni tena kina maana gani. Nimechoka, Mama. Nimechoka hata kulia.

Lakini jambo moja nimeshaliamua. Jumamosi sajini akikisifu tena kichwa hiki, nitamwambia mbele ya wote: nimenyoa kwa sababu mama yangu amekufa, na jina lake ni Nabintu. Wakinirudisha nyumbani, na wanirudishe. Mwaka upotee. Hilo nakuahidi, hata sauti ikikatika nitalisema. Wewe hukufa ili mimi nisifiwe.

Lala, Mama wee. Lala salama.

Binti yako,
Riziki