Karatasi za Kwenye Kioo

9 Februari

Mdogo wangu,

U mzima? Na wifi, mgongo umemwachia? Huku tunapumua. Mama anakusalimu sana. Ameiona picha uliyotuma na anasema umekonda. Nimemwambia ni shati tu limekuzidi, hakusadiki.

Nina jambo la kazi yako. Unajua Mama anakwenda kliniki ya figo mara tatu kwa wiki, na kila akienda mashine inamsafisha damu saa nne nzima. Nampeleka na kigari changu cha udobi, yeye mbele, marobota ya shuka za wateja nyuma. Barabara ya pale hairuhusiwi kusimama, kwa hiyo kila mtu anaingia kwenye uwanja wa maegesho ulio ubavuni mwa kliniki. Uwanja ni wa kampuni binafsi. Nalipa getini, nachukua risiti, naingia.

Kumbe kuna bango. Limepigiliwa juu ya nguzo, herufi zake kama zile za kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa. Linasema mwisho wa kuegesha ni muda wa saa mbili, hata ukiwa umelipa. Sasa mashine saa nne, bango saa mbili, mimi nifanyeje? Nimchomoe Mama katikati?

Nimeshakuta karatasi tatu za njano zimebanwa kwenye waipa. Juu imeandikwa FAINI. Kila moja ni kazi yangu ya siku tisa. Halafu imekuja barua ya "Idara ya Madai" ya kampuni hiyo, inasema nisipolipa ndani ya siku kumi na nne watamleta dalali achukue vitu vya ndani.

Niambie ukweli, wewe karani wa mawakili ndiye mtu wa sheria katika nyumba hii. Hawa wana haki ya kunitoza faini kama polisi? Nisipolipa nafungwa? Mama sijamwambia kitu.

Dada yako

&nbsp;

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipata, nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenifika shingoni. Wifi yako hajambo, mgongo unakuja na kuondoka. Mwambie Mama nakula vizuri.

Kuhusu zile karatasi, ushauri wangu ni ulipe. Mambo haya ya sheria yana kona nyingi, na mtu wa kawaida akianza kubishana na kampuni anajichosha bure. Lipa, uwe na amani, na ukiweza tafuta pengine pa kuweka gari. Wala usizungushe karatasi hizo kwa watu, kila mtu atakupa lake.

Nitakuja kumwona Mama nikipata likizo.

Mdogo wako

&nbsp;

21 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo, mikono tu ndiyo imechubuka. Utajua kwa nini.

Nimelipa kama ulivyosema. Zilikuwa tatu, wakati natafuta pesa zikawa sita. Nimeuza ile mashine kubwa ya kufulia, ile iliyokulipia ada mpaka ukamaliza chuo. Aliyeinunua ni mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa mteja wangu. Sasa anajifulia mwenyewe, kwa hiyo na mteja nimempoteza. Nguo za wateja waliobaki nafua kwa mkono.

Pengine pa kuweka gari nimepatafuta. Niliegesha nyuma ya soko. Kwenda tulifika, kurudi Mama aliishiwa nguvu kwenye ngazi za benki, akakaa chini hapohapo, watu wanamruka. Mlinzi akatuambia tusizibe njia. Tangu siku hiyo Mama amekata shauri mwenyewe. Alikuwa ameiona karatasi kwenye kioo, anajua kusoma, si mtoto.

"Mara mbili kwa wiki zinatosha," akasema.

"Nesi amesema tatu, Mama."

"Nesi ndiye anayefua?"

Basi tunakwenda mara mbili, na kila tukienda roho yangu iko kwenye saa. Nesi amenigombeza mbele za watu. Miguu ya Mama inavimba.

Nijibu jambo moja tu, na unijibu upesi. Pale kliniki kuna dereva wa lori, mkewe analazwa kwenye mashine iliyo karibu na ya Mama. Anasema hajalipa hata karatasi moja tangu mwaka jana, na hajaona dalali wala askari, ni barua tu zinakuja. Ni mjanja au ni mjinga? Ukiniambia sina haja ya kulipa, Jumatatu namrudisha Mama kwenye mara tatu.

Dada yako

&nbsp;

11 Juni

Dada yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Pole, na mimi mwenyewe nijipe pole. Nilikaa kwenye msiba wa Mama siku moja tu nikaondoka kabla watu hawajamaliza kunawa mikono, na najua walisema. Sikuondoka kwa ajili ya kazi. Niliondoka kwa sababu ulikuja kuniwekea chai mbele yangu na vidole vyako vimepasuka.

Barua yako ya Machi niliipata baada ya siku tano. Niliisoma, nikaifungia kwenye droo. Ngoja nikuambie kwa nini.

Ile "Idara ya Madai" haipo. Ni meza yangu. Kampuni ile ni mteja wa ofisi yetu, sisi ndio tunaowaandikia barua, wao wanazichapa kwenye karatasi zao. Maneno ya dalali niliyatunga mimi. Hata hilo neno FAINI nililipendekeza mimi, na mkubwa wangu akanisifu kikaoni.

Dereva wa lori si mjinga. Kampuni binafsi haina uwezo wa kumtoza mtu faini. Ilicho nacho ni madai tu, kama mtu mwingine yeyote: inasema ulisoma bango, ukakubali masharti, ukayavunja. Ukikataa kulipa, ni juu yake kwenda mahakamani na kuonyesha kwamba bango lilionekana na kwamba inachodai si cha kukomoa mtu. Dalali hawezi kugusa hata ndoo yako bila amri ya hakimu. Samansi ya mahakama ndiyo isiyopuuzwa. Katika barua mia, kesi tunafungua mbili au tatu. Waliobaki wanalipa kwa woga, na woga huo ndio mshahara wangu.

Ningekuambia, ungewaambia wenzako wote pale kliniki. Wangeacha kulipa, na ofisini wangetafuta siri imetoka kwa nani. Nilijilinda. Nilipokushauri ulipe, nilidhani utalipa tatu, yaishe. Sikudhani utapunguza siku za Mama.

Nimeweka pesa kidogo ndani ya bahasha hii.

Mdogo wako

&nbsp;

6 Septemba

Mdogo wangu,

Ni mzima. Pesa zako hizi hapa, nimezirudisha na bahasha yake.

Niliichelewesha barua hii kwa makusudi. Nilitaka kwanza yaishe ya mahakamani. Baada ya zile sita zilikuja karatasi mbili nyingine, hizo sikuzilipa, wakanifungulia kesi. Labda samansi pia uliichapa wewe, sikuulizi.

Nilikwenda peke yangu na nguo za kazini. Wakili wao kijana mdogo, ananukia manukato. Hakimu mama mmoja mwenye mafua. Akamuuliza, "Bango liko wapi?" Kijana akatoa picha. Hakimu akaisogeza puani, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Mwisho saa mbili, mheshimiwa."

"Nisomee yote."

Kijana alishindwa kulisoma bango la mteja wake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hakimu akanigeukia, akaniuliza saa nne zote nilikuwa nafanya nini kliniki. Nikamwambia. Akaandika kwa muda, kisha akasema dai limetupwa. Ilikuwa nyepesi hivyo, mdogo wangu. Haikufika hata dakika ishirini.

Nikauliza juu ya zile sita nilizolipa. Akaniangalia kwa huruma, akasema hizo haziko mbele yake, na kwa sheria huenda ikaonekana nililipa kwa hiari yangu. Kwa hiari.

Sitasema karatasi ndizo zilizomuua Mama. Nesi amesema maji yalimjaa mapafuni, na wapo wanaokwenda mara tatu wakafa. Lakini toka Machi mpaka alipofariki alikosa mashine mara kumi. Hilo nalijua kwa sababu siku hizo nilikuwa nyumbani nafua, na yeye amekaa mlangoni ananitazama.

Sitaki pesa. Nataka karatasi moja. Uiandike kwa maneno mepesi, kama ulivyoniandikia mimi: hii si faini, haya ndiyo wanayoweza, haya hawawezi, samansi usiidharau. Utie sahihi na cheo chako cha ukarani. Nitaibandika kwenye chumba cha kusubiri, nesi amekubali. Najua kazini watakufukuza. Nakupa wiki mbili.

Dada yako

&nbsp;

2 Desemba

Mdogo wangu,

Nasikia kwa wifi kwamba u mzima na umepandishwa cheo. Yeye ndiye aliyeniambia, wala hakujua kwamba ananiambia kitu.

Nilingoja wiki mbili, nikaongeza mbili, nikaongeza karibu miezi miwili. Jana nimeiandika mwenyewe. Nimekosea maneno matatu, dereva wa lori akanisahihishia kwa kalamu nyekundu, na penye sahihi nimeweka jina langu na mahali ninapofulia, atakayetaka kunishitaki asihangaike kunitafuta. Leo asubuhi nimeibandika kliniki, punde ikawa na watu saba mbele yake. Mwanamke mmoja alikuwa akimsomea mama yake kwa sauti, neno kwa neno, na mama anauliza, "Nani kaandika?"

Wakamwonyesha mimi.

Dada yako