Sufuria ya Shaba Ziwani Stimfalia

Stimfalia, Februari

Kaka Thanasis,

Sisi wazima. Mlima Ziria bado una theluji, na ziwa limejaa hadi barabarani. Bata wa mwituni wamerudi kwenye matete, na korongo wanakula samaki wetu bila haya.

Baba anashuka ziwani kila jioni na ile sufuria ya shaba tunayofukuzia ndege shambani, na maharage hata hatujapanda. Anaigonga mpaka mlima unaitikia. Jana wazee wa mkahawani walimtania: "Wee Herakle, shujaa wa kale! Wale ndege wenye manyoya ya shaba si ulishawafukuza enzi za miungu? Leo unapigana na nani?"

Baba hakucheka. "Ndege gani? Namwita Thanasis aje ale. Yuko kwenye matete tangu mchana, mtoto huyu hasikii!"

Mzee mmoja akamshika mkono, akamleta nyumbani.

Koti ulilomtumia Baba kutoka Melbourne limefika. Usitume jingine. Amelitundika karibu na jiko, na baridi yote hii hataki kulivaa. Anasema ni lako, maana utarudi umelowa.

Dada yako,
Stamatia